Sinia la Ishirini na Tano

Sijui kukaa. Nasema hivi mapema ili usije ukashangaa mbele. Shuleni walimu walinipigia kelele kwa sababu hiyo, nyumbani shangazi yangu alinipigia kelele, na hata sasa nikiandika haya nimeshainuka mara tatu, mara moja kunywa maji na mara mbili bila sababu yoyote. Hesabu ni kitu cha kukaa. Ndiyo maana nilianguka hesabu nikiwa na miaka kumi na saba, na nilipofika thelathini na mbili nilikuwa bado napika kwenye shughuli za watu pale Mpumudde, mtaa wetu wa Jinja, Uganda, wakati nilikuwa natamani kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo niliiona wodini. Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Ana ugonjwa wa sukari. Anajichoma sindano asubuhi na jioni, na mwaka ule mwili ulimkataa akalazwa siku nne hospitalini Jinja. Siku ya pili alikuja muuguzi mdogo kwa umri kuliko mimi, akatundika chupa ya maji ya mshipani na kusema maji yale yaishe kwa saa nne. Akachomoa kalamu akaandika kwenye kiganja chake: mililita mia tano, kila mililita matone ishirini, jumla matone elfu kumi, gawanya kwa dakika mia mbili na arobaini. Kisha akatazama saa yake, akazungusha kile kigurudumu kidogo cha kwenye mpira wa maji, akahesabu matone kwa midomo, akazungusha tena. Arobaini na mawili kwa dakika. Akafuta kiganja kwenye aproni, akaenda kitanda kinachofuata.

Nilikuwa nimeshika beseni la nguo mbichi na nilikuwa nimesimama bila kutikisika, jambo ambalo kwangu si la kawaida. Nilimwonea wivu yule binti, wivu wa kuuma kabisa. Maisha ya shangazi yangu yalikuwa yanapita kwenye mpira mwembamba, na mtu aliyejua kugawanya ndiye aliyeamua yapite kwa mwendo gani. Nikasema, hicho nakitaka.

Chuo kimoja cha wauguzi Mbale kilikubali matokeo yangu ya zamani kwa sharti moja. Kwa kuwa hesabu nilianguka, nifanye mtihani wao wa hesabu, maswali ishirini, yote ya maneno, na nikikosa zaidi ya manne nibaki na masufuria yangu. Nilikuwa na miezi mitano.

Mwalimu niliyempata alikaa Bugembe, nje kidogo ya Jinja. Alikuwa Mgisu, mtu wa milimani huko juu ya Mbale, aliyekaa jeshini miaka mingi kwenye stoo na kwenye darasa la kuwafundisha kuruta kusoma na kuhesabu. Alipostaafu alijenga kando ya barabara ya Iganga, akafungua kiduka cha madaftari na kalamu. Kila mtu alimwita afande, hata watoto. Alifundisha kwa Kiswahili kwa sababu ndicho alichofundishia maisha yake yote, na mimi nilikipenda kwa sababu sisi Wanubi wa Jinja, ambao mababu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudani, Kiswahili kwetu ni cha jikoni kama Kinubi chenyewe. Jirani yake mmoja, mama wa Kisoga, hakukipenda hata kidogo. Aliniambia kwamba akisikia Kiswahili cha sauti kubwa nyuma ya nyumba, bado huenda kufunga mlango, kwa yale aliyoyaona askari wakifanya utotoni mwake. Afande alipojua, akaanza kunifundisha kwa sauti ya chini.

Siku ya kwanza alinipa swali la tangi. Bomba moja linajaza tangi kwa saa nne. Bomba jingine chini ya tangi linalimaliza kwa saa sita. Yote mawili yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya saa ngapi?

"Nani kafungua bomba la chini?" niliuliza.

"Hapana uliza hiyo."

"Lakini afande, mtu anachota maji, halafu anaacha chini wazi? Si aende akalifunge?"

"Wewe nasoma swali ama nasoma kichwa yako?" Alikuwa amefumba macho. "Swali ni amri. Amri unatii kwanza, unauliza baadaye."

Nilitii, nikapata saa kumi na mbili, nikaenda nyumbani nimekasirika kwa ajili ya yale maji yote yaliyomwagika. Kesho yake lilikuja la baba ambaye umri wake ni mara tatu ya umri wa mwanawe, na baada ya miaka kumi na miwili utakuwa mara mbili. Nikasema baba gani huyu asiyejua mwanawe ana miaka mingapi mpaka aje kuniuliza mimi. Afande hakucheka. Alinieleza kwamba ile herufi x ni kuruta ambaye hajaripoti: hujui jina lake, hujui kabila lake, lakini nafasi yake kwenye mstari unaiacha wazi, na mwisho lazima atokee. Hilo nilielewa mara moja. Kuruta akatokea, ana miaka kumi na miwili, baba yake thelathini na sita. Nilifurahi mpaka nikainuka nikazunguka duka.

"Keti," afande akasema.

Sikuketi. Tangu hapo nilifanya hesabu nikitembea, na hesabu haikuniacha nitulie tena. Nilikuwa nikiona jerikeni zimepangwa bombani nazigawanya. Nikiona matofali yamebebwa kwenye baiskeli, nayazidisha. Nilipita mtaa wa maduka ya zamani mjini, yale yaliyojengwa na Wahindi, nikahesabu nguzo za baraza na nafasi zilizo katikati yake, na nikajiuliza kwa nini nafasi siku zote ni moja pungufu ya nguzo, mpaka boda moja karibu inigonge na mwenye boda akanitukana kwa Kiganda, Kisoga na Kiingereza. Nilikuwa nalala vibaya na kula vibaya. Usingizini niliota teksi mbili, moja imetoka Jinja na nyingine imetoka Mbale, zinakuja kukutana, na mimi niko barabarani na daftari.

Kosa langu kubwa lilijitokeza mwezi wa pili. Afande aliandika: watu sitini wamealikwa, kila sinia wanakula watu watano, masinia mangapi yatahitajika? Niliandika kumi na matatu bila hata kufikiri. Akaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu. Akanipa jingine: watu themanini na wanne wanasafiri, kila teksi, yale mabasi madogo ya kwetu, inachukua kumi na wanne. Niliandika saba. Kosa. Sufuria, vitanda, mifuko ya mahindi, kila kitu kilichogawanyika sawasawa mimi nilikipa kimoja zaidi.

"Sasa hii moja natoka wapi?" afande akauliza. Safari hii alikuwa na hamu ya kujua kweli.

"La mgeni," nikasema.

Ilibidi nimweleze. Shangazi yangu ndiye mpishi mkuu wa shughuli zetu, harusi, maulidi, matanga, dua. Hana karatasi wala kalamu. Watu wakishaketi kwenye mikeka, yeye hupita kando akitazama viatu vilivyovuliwa ukingoni, jozi kwa jozi, akikunja vidole. Kila jozi tano ni sinia moja. Akimaliza anarudi jikoni na kutaja idadi, na juu ya idadi hiyo huongeza moja. Moja la mgeni, husema. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa sifiki kimo cha jiko. Vidole vyangu vilikuwa vinaongeza kabla ya kichwa.

Afande alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mgonjwa akiandikiwa matone arobaini na mawili, mimi nitampa mangapi.

Nilianza kusema arobaini na matatu, nikajikata.

"Dawa hapana mgeni," akasema. "Toa huyo mtu kwa kichwa yako. Toa kabisa."

Nilikubali kwamba anasema kweli, na nilimchukia kwa wiki nzima. Nilianza kumfukuza mgeni. Kila jibu nililoandika nililitazama mara mbili, nikatafuta kile kimoja cha ziada, nikakifuta. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ile x. Mwezi wa nne alama nyekundu zilianza kupungua, na mwezi wa tano afande alinipa maswali ishirini nikakosa mawili tu. Alisema "sawa" na kufunga daftari, na kwa mtu kama yeye hiyo ni sherehe.

Siku ya mtihani nilifika Mbale mapema mno. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu na mimi nilizunguka mnara wa saa mara tatu kwa miguu kwa sababu geti la chuo lilikuwa bado limefungwa. Tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya chumba, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kuliko wote. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Kila swali nililigeuza Kiswahili kwa sauti ya afande, nikalitii, nikaligeuza tena. Msimamizi aliniomba mara mbili niache kutikisa meza. Swali la kumi na saba lilikuwa la sherehe: wageni mia mbili na arobaini, kila meza watu wanane. Jibu ni thelathini. Kalamu yangu ilitaka thelathini na moja, nikaizuia. Niliandika thelathini nikapiga mstari chini yake, na nikajisikia kama nimemfungia mtu mlango. Sikujali. Nilitaka kupita.

Nilipita. Walinipigia simu baada ya siku nane, nilikuwa sokoni Jinja napima vitunguu. Nilikosa maswali matatu. Nilipiga kelele mpaka muuza vitunguu akadhani nimefiwa. Shangazi hakupiga kelele, alikaa kwenye mkeka, akavuta nguo yake usoni na kulia kidogo, kisha akasema, "Lazima tusome dua. Huendi Mbale kimya kimya kama mtu ametoroka."

Dua ikapangwa Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri, uani kwetu. Na mimi, kwa kuwa sasa nilikuwa mtu wa hesabu, nikasema hesabu ya chakula ni yangu. Shangazi alicheka. Akasema chukua.

Siwezi kueleza nilivyojiona siku ile bila kuona haya. Nilikuwa na daftari mkononi jikoni kwa watu waliopika maisha yao yote bila daftari. Nilipiga hesabu tangu Jumamosi kwa majina ya waalikwa: watu mia moja na ishirini. Masinia ishirini na manne. Kilo moja ya mchele kwa kila sinia, kilo ishirini na nne, na nyama kwa kiasi hicho hicho. Jumapili watu walipoketi nilikwenda mwenyewe kuhakikisha. Nilipita ukingoni mwa mikeka, ya wanaume kwanza, halafu ya wanawake, nikahesabu viatu jozi kwa jozi. Mia moja na ishirini kamili. Nilitaka kumpigia afande simu.

"Na la mgeni?" shangazi aliuliza. Alikuwa ameinama juu ya sufuria kubwa la pilau, jasho likimtoka.

"Leo tunapiga sawasawa, Shangazi. Kila mara chakula kinabaki."

Alinitazama. Nakumbuka alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, mwiko ukiwa juu. Kisha akasema, "Sawa. Wewe ndiye umesoma," na akaendelea kupakua. Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi sana tangu siku ile.

Tulikuwa wapishi watano, yeye, mimi, na majirani watatu. Mimi jikoni siketi, na sijawahi kuketi. Nakula nikitembea, mnofu hapa, kijiko pale, na chini ya sufuria ukoko ni wangu tangu utotoni. Siku ile pia niliukwangua wote nikiwa nimesimama, bado moto. Masinia ishirini na manne yakatoka, yakaenda, watu wakala wakasifu. Hakuna punje iliyobaki. Hakuna mgeni aliyekuja kwa ghafla. Nilisimama katikati ya ua nikitazama masinia yanarudi matupu na nikafurahi kwamba hesabu yangu ilikuwa nzuri kiasi kile. Majirani wawili waliaga mapema wakisema wamechoka, na sikuona chochote katika hilo.

Ilikuwa inaelekea saa kumi nilipomsikia shangazi bombani. Alikuwa anaosha masinia na kuyapanga, akihesabu kwa sauti kama alivyozoea, ili kuhakikisha ya kukodi yamerudi yote.

"Kumi na mbili," alisema. "Kumi na nne. Kumi na mbili. Kumi na mbili."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, Shangazi, hesabu ni yangu leo. Hakugeuka. Alichukua sinia moja kutoka kwenye rundo, akaliosha tena, akalirudisha. Nilipofika karibu niliona nguo yake imelowa mgongoni, si kwa maji. Mikono ilikuwa inatetemeka. Akanitazama na kuniita kwa jina la baba yangu, akaniuliza kama nimefunga mbuzi.

Nilijua ni nini. Hilo ndilo linaloniuma. Wodini walishatueleza: sindano ikishaingia mwilini inasubiri chakula, na chakula kisipokuja sukari inashuka mpaka mtu anapotea. Asubuhi saa moja alijichoma mbele yangu, akanywa chai na kipande cha mkate. Kutoka saa moja mpaka saa kumi ni saa tisa. Hiyo hesabu haikuhitaji daftari wala kuruta wa kutafutwa. Nilikuwa na namba zote mkononi tangu asubuhi na sikuwa nimezijumlisha.

Nilipiga kelele. Jirani yule wa tatu, aliyekuwa bado anafagia, alimshika shangazi kwapani akamkalisha juu ya ndoo. Mimi nilikimbilia kreti ya soda, nikafungua moja kwa meno, nikamshikia chupa mdomoni. Nusu ilimwagika kifuani. Nilihesabu mafunda, moja, mbili, tatu, nikimwomba Mungu kwa kila namba. Jirani akakimbia barabarani kwa muuza chapati na mayai. Kwa dakika kumi hivi, ambazo sikuzipima kwa sababu sikuweza kuyatoa macho yangu kwake nikatazama saa, shangazi alikuwa na mimi na hakuwa na mimi. Halafu akasukuma chupa kwa mkono na kusema soda hii ni ya machungwa, na yeye ya machungwa hapendi.

Nililia kwa sauti. Watu waliobaki walisogea kutazama, na yeye akawafukuza, akasema ni joto tu.

Alipomaliza chapati na mayai yake, akanyoosha miguu mbele yangu. Alikuwa amevaa ndara zake za plastiki, zile za bluu zilizoungua ukingoni.

"Tazama hapa," akasema. "Hii viatu ulihesabu?"

Nikazitazama zile ndara.

"Mpishi hawezi vua kiatu kwa moto. Ulienda kwa mkeka, ukahesabu mia na ishirini, ni kweli. Sasa sisi ulihesabu wapi?"

Wapishi watano. Sinia moja, watu watano. Mia moja na ishirini na tano, gawanya kwa tano, ishirini na tano. Nilikaa chini pale pale kwenye matope ya bombani, na mara hii nilikaa kweli. Hesabu ya shangazi haikuwa na kitu cha ziada hata siku moja. Ilikuwa kamili kuliko yangu. Miaka yote ile nilikuwa nazunguka na ukoko mkononi, sikuwahi kuketi kwenye sinia lile la mwisho nikaona nani analila.

"Lakini wewe unaliita la mgeni," nikasema. Nilikuwa nimekasirika, sijui na nani. "Siku zote unasema la mgeni."

"Sasa niseme nini? Nisimame mbele ya watu niseme hii ni ya kwangu? Mpishi anasema hivyo?" Alikuwa ameona haya hata pale, peke yetu. "Mgeni akija, tunakula na yeye. Hakuja, tunakula sisi. Mama yangu alikuwa anasema hivyo, na mama yake."

"Na leo kwa nini ulinyamaza?"

Aliosha vidole vyake kwenye maji ya ndoo, kimoja kimoja. "Nilitaka hesabu yako iwe sawa," akasema.

Sikutaka kwenda Mbale baada ya hapo. Nilimwambia wazi, kwamba mtu aliyekaribia kumuua shangazi yake kwa kugawanya hana haki ya kushika mpira wa maji ya mgonjwa. Alinijibu kwa Kinubi, maneno ambayo sitayaandika. Sanduku langu alilifunga yeye mwenyewe.

Kabla ya kuondoka nilipita Bugembe kumuaga afande na kumweleza. Nilidhani atatetea wino wake. Alifungua daftari langu la zamani, akatafuta ukurasa wa watu sitini na masinia kumi na matatu, akaweka kidole juu ya lile kosa jekundu.

"Swali haikusema wapishi," akasema.

"Haikusema, afande."

"Basi swali ilikuwa mbaya." Akafunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili, na hakuwahi kunipa kitu kwa mikono miwili kabla ya hapo.

Niko Mbale sasa, muhula wa pili. Bado sikai. Wenzangu wameniwekea kiti karibu na mlango ili nikiinuka nisiwasumbue. Matone nayajua, vipimo vya dawa navijua, na kwenye dawa simwongezi mtu hata tone. Afande alinifundisha vizuri hapo, na nikiwa na sindano mkononi sauti yake ndiyo ninayoisikia. Lakini swali la maneno likija siwezi tena kulitii mara moja. Juzi mwalimu aliandika ubaoni: wodi ina wagonjwa thelathini, kila muuguzi anahudumia sita, wauguzi wangapi wanahitajika? Darasa zima likasema watano. Ni watano, mimi pia niliandika watano. Ila nilibaki nikiwatazama wale watano ndani ya lile swali, wamesimama tangu asubuhi, na hakuna mahali palipoandikwa nani atashika wodi wakati mmoja wao anakula.

Mchana ulipofika nilitoka kwenye baraza nikampigia shangazi simu, kama ninavyofanya kila siku saa ile. Nina daftari la hilo pia: saa ya sindano, saa ya chakula, na alama pembeni.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nakula sasa. Ndizi na maharage, na samaki kidogo." Nilisikia kijiko chake kikigonga sahani, nikaweka alama yangu. Wagonjwa wangu wa mazoezi asubuhi ile walikuwa saba, na wote nilikuwa nimewaandikia saa walizokula. "Na wewe?" akasema.

Nilitazama daftari. Nilitazama jua. Nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na mbili.

"Na wewe umekula?" akarudia, na kijiko kikanyamaza.

"Bado, Shangazi."

"Basi hesabu tena," akasema, akakata simu.